CV yako iwe kurasa ngapi? Mwongozo kwa sisi wa kazi za msimu

Ikifika Juni, hoteli za Malindi na Watamu, pwani ya Kenya, zikianza kuita watu wa msimu wa Julai, swali hili huletwa mezani kwangu karibu kila siku: CV iwe kurasa ngapi? Jibu la haraka lipo. Ukiwa ndiyo kwanza umetoka chuoni, ukurasa mmoja. Ukiwa na miaka ya kazi, mbili. Kwa karani wa benki jibu hilo linatosha. Kwa mtu ambaye maisha yake yote ya kazi ni mikataba ya miezi mitatu mitatu halitoshi, kwa sababu kila akijaribu kuandika, ukurasa wa nne huo unamchungulia.

Mimi huchapa na kupanga CV za watu hapa mjini, na kabla ya hapo nilikaa ofisi ya hoteli nikizichambua zinapoletwa. Hii ndiyo njia ninayoitumia. CV zenyewe huwa za Kiingereza, mara nyingine Kiitaliano. Mifano nimeiweka kwa Kiswahili ili tusomane vizuri.

Hatua ya 1: Toa kila kitu

Chukua daftari na kalamu. Andika kazi zote, tarehe, vyeti na leseni. Kurasa usizihesabu bado.

Hatua ya 2: Jua nani atasoma

Hakuna urefu wa CV usiomjua msomaji wake. Meneja wa hoteli au mkahawa ana rundo la bahasha na wageni wanaomsubiri mapokezi; kurasa mbili ni mwisho wake, na ile ya pili huenda asiifike. Mwaka 2018 kampuni ya Ladders ya Marekani ilifuatilia macho ya watu wanaoajiri wanaposoma CV, ikapata kwamba mtazamo wa kwanza ulichukua wastani wa sekunde 7.4. Kwa hiyo nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza ndiyo ya kuhangaikia kabla ya kuhangaikia idadi ya kurasa.

Kazi za kaunti, Kilifi au Lamu, soma tangazo lote mpaka mstari wa mwisho. Wakitaka fomu, jaza fomu. CV ndefu haitakuokoa ukiiacha fomu tupu. Mara nyingi watataka pia zile karatasi za Sura ya Sita ya Katiba, ya uadilifu: cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI (upelelezi), na barua za KRA (kodi), HELB (mikopo ya elimu), EACC (ufisadi) na CRB (rekodi za mikopo). Hizo hutolewa kando zikiombwa. Nimeona watu wakizinakili ndani ya CV, namba kwa namba, mpaka nusu ukurasa umekwenda. Usifanye hivyo.

Anayeomba uhadhiri, tuseme Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, huyo yuko mbali na sisi: makala zake, makongamano na ruzuku zote huorodheshwa, na kurasa sita au nane hazimshtui mtu. Baharia anayeomba kazi melini naye ana jedwali lake la meli alizopanda, cheo na tarehe za kupanda na kushuka, na jedwali hilo halikatwi. Wengine wote tunarudi kwenye kurasa mbili. Hata serikali kuu ya Marekani, iliyozoea kupokea CV ndefu kama gazeti, mwaka 2025 iliweka kikomo cha kurasa mbili.

Kwa waajiri Waitaliano: wengi wanaijua fomu ya Europass ya Umoja wa Ulaya, na kuna watakaokuomba hiyo. Wakiomba, wape. Wasipoomba, mimi siipendi, inakula nafasi na mtu wa kazi tatu anafika ukurasa wa tatu kabla hajasema kitu. Na kama CV utaitafsiri kwenda Kiitaliano, acha mistari kadhaa wazi chini, maana maneno huongezeka.

Hatua ya 3: Kunja misimu

Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe, kaa vizuri.

Tuchukue kijana aliyehudumia mezani katika hoteli moja ya ufukweni tangu 2016. Julai anaitwa, mwisho wa Septemba anaachwa. Disemba anaitwa tena, masika yakikaribia hoteli inafunga. CV anayoniletea inakuwa hivi:

*Julai–Septemba 2016: Mhudumu wa mezani. Kupokea wageni, kuchukua oda, kusafisha meza.*
*Disemba 2016–Machi 2017: Mhudumu wa mezani. Kupokea wageni, kuchukua oda, kusafisha meza.*
*Julai–Septemba 2017: Mhudumu wa mezani. Kupokea wageni…*

Inaendelea hivyo mpaka ukurasa wa tatu. Msomaji asiyejua mambo ya pwani anaona mtu anayefukuzwa kila baada ya miezi mitatu. Anayeyajua anachoka tu. Sasa ikunje, mwajiri mmoja na kichwa kimoja:

*Mhudumu wa mezani, kisha kiongozi wa zamu*
*(Jina la hoteli), Malindi. Mikataba ya msimu: Julai 2016–Machi 2020, na Julai 2021–Machi 2024*
*– Niliitwa tena kila msimu; kuanzia 2018 niliongoza zamu ya jioni ya wahudumu sita.*
*– Nilifunga hesabu ya baa kila usiku na kuikabidhi kwa mhasibu.*
*– Nilihudumia wageni kwa Kiingereza na Kiitaliano.*

Kurasa tatu zimekuwa mistari mitano. Mwenyewe alipoiona hakufurahi.

"Shangazi, ukikunja hivi si nitaonekana nimefanya kazi moja tu?"

"Utaonekana umeitwa mara kumi na nne, mwanangu. Nani anamwita tena mtu asiyejua kazi?"

Ila kukunja kuna masharti, na usipoyafuata ni heri ungeiacha ndefu.

Neno "msimu" lisikose. Ukiandika 2016–2024 tupu, umedai kazi ya mwaka mzima. Simu moja kwenye hoteli ile na umeumbuka. Tarehe zako pia zilingane na karatasi ulizonazo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri akupe cheti cha huduma kazi inapokwisha, isipokuwa kama umefanya chini ya wiki nne mfululizo. Cheti hicho kinataja tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na aina ya kazi. Barua ya kukusifu halazimiki kukupa, cheti analazimika. Kidai siku ile ile unayorudisha yunifomu, kwa sababu hoteli ikishafunga kwa masika hutampata mtu ofisini. Wale wenye vyeti vyao kwenye faili ninawamalizia CV kabla chai haijapoa. Wasio navyo tunakaa tukikumbushana: ilikuwa kabla ya Ramadhani au baada? Mwaka ule uliooa au uliofuata?

Hoteli ikibadilisha jina au mwenyewe, na hapa kwetu hubadilisha, andika jina la sasa kisha "zamani" na lile jina la kale. Usizihesabu kuwa hoteli mbili.

Kama kila msimu ulikuwa hoteli tofauti, kunja kwa kazi badala ya kwa mwajiri: *Mhudumu wa vyumba, hoteli za Malindi na Watamu, mikataba ya msimu 2017–2022*, halafu mstari mmoja wenye majina ya hoteli na mwaka kwenye kila jina. Chini yake majukumu mara moja tu. Hii ni nzuri ikiwa kazi ni moja. Ikiwa msimu mmoja ulikuwa jikoni na mwingine ukawa getini, fanya vichwa viwili, na kile kinachofanana na kazi unayoomba kikae juu.

Cheo kikipanda, kionekane kwenye kichwa chenyewe. Kupanda cheo ndicho kitu pekee ambacho CV ndefu ile ya mwanzo ilikuwa imekifukia.

Wa Lamu wana shida iliyo kinyume kidogo. Mtu wa nyumba ya wageni pale Shela ni mpishi, ni msafishaji, ndiye anayewapokea wageni gatini na kuwatafutia mashua. Akiandika kila moja kuwa kazi yake, CV inavimba na haiaminiki. Kichwa ni kimoja, *Msimamizi wa nyumba ya wageni*, na hayo mengine ni mistari chini yake. Na waliofanya kazi za ujenzi wa bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa 2021, wengi waliajiriwa na makandarasi wadogo. Aliyekulipa mshahara ndiye mwajiri wako. Andika jina lake kwanza, kisha "mradi wa bandari ya Lamu". Ukiandika bandari peke yake, atakayepiga simu huko kukuulizia ataambiwa hawakujui.

Miezi ya kufungwa hoteli huna haja ya kuijaza. Kama masika ulikuwa ukivua au ukiendesha bodaboda na unaomba kazi ya udereva, iweke. La sivyo iache, neno "msimu" limeshaeleza. Pengo la 2020 na mwanzo wa 2021 nalo usiliandikie aya nzima. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa Machi 2020 na hakuna mwajiri wa pwani asiyekumbuka. Vibarua vya siku chache, harusi moja, mkutano mmoja, vitoe vyote, au viwe mstari mmoja ukiwa mgeni kabisa wa kazi.

Hatua ya 4: Toa yasiyoajiri

Jina la baba, kata, kata ndogo, jina la chifu, dini, ndoa, idadi ya watoto, namba ya kitambulisho. Haya yalitoka kwenye fomu za zamani yakahamia kwenye CV, na yanakula robo ya ukurasa wa kwanza, mahali pazuri kuliko pote. Sheria hiyo hiyo ya 2007 inakataza kumbagua mtu kwa mambo kama dini na jinsia, kwa hiyo huna sababu ya kumpa mtu mambo ambayo hatakiwi kuyatumia. Namba ya kitambulisho wataiomba wakikuajiri.

Shule ya msingi itoke ukishakuwa na cheti cha chuo. KCSE, cheti cha kidato cha nne, ibaki, mstari mmoja.

Nyota za ujuzi, zile za "Kiitaliano nyota nne", pamoja na mistari ya rangi na picha ya pembeni, mimi huzifuta bila kuuliza. Nyota nne ni Kiitaliano cha kiasi gani? Andika "nachukua oda na kujibu malalamiko kwa Kiitaliano" na meneja atakuelewa.

Hatua ya 5: Ukurasa wenyewe

Karatasi iwe A4. Violezo vingi vya mtandaoni vimepangwa kwa karatasi ya Kimarekani, Letter, ambayo ni fupi kwa karibu sentimita 1.8, ukigeuza kuwa A4 unapata mistari mitatu hivi ya bure. Ukubwa wa herufi uwe 11, usishuke chini ya 10. Pambizo sentimita 2 mpaka 2.5.

Mimi natumia LibreOffice, programu ya kuandikia, ni ya bure na inanitosha. Kuandikia kwenye simu inawezekana, ila malizia kwenye kompyuta.

Hatua ya 6: Tazama ukurasa wa mwisho

Ukurasa wa mwisho wenye mistari minne ni mbaya kuliko CV ndefu. Ama ujae angalau nusu, ama urudi nyuma. Na kurudi nyuma ni kukata maneno. Usipunguze herufi mpaka mtu atafute miwani. Anza na mistari yenye neno moja lililoangukia mstari wa pili. Ukiondoa maneno mawili hapo, mstari mzima unarudi, na mara nyingi mistari mitano ya namna hiyo inatosha.

Wadhamini watatu huchukua nafasi kubwa wakiandikwa kama anwani za barua, na S.L.P. zao. Kila mmoja mstari mmoja: jina, cheo, mahali, simu. Waombe ruhusa kwanza.

Hatua ya 7: Kutuma

Tuma PDF. Faili ya Word ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti yako, maneno yanasukumana, na kurasa zako mbili zinakuwa mbili na mstari mmoja, jina la mdhamini limekaa peke yake kwenye ya tatu. Jitumie mwenyewe kwa WhatsApp na uifungue kwenye simu kabla ya kumtumia mtu.

Ikiwa unapeleka kwa mkono, chapa upande mmoja tu wa karatasi, kwa sababu upande wa nyuma husahaulika kwenye fotokopi. Chini ya kila karatasi weka jina lako na "1 kati ya 2". Bahasha ikipokelewa getini, muulize soja inapelekwa ofisi gani na uandike tarehe kwenye simu yako, ili ukipiga wiki ijayo ujue unamuulizia nani.