Somo: Kusoma saa ya China ya kale kwa saa yetu

Habari za jamvini. Wachina wa kale waligawa siku nzima, usiku na mchana, kwa vipindi 12. Kila kipindi, shichen, ni saa zetu mbili. Hesabu yao ilianzia kipindi cha Zi, saa 5 usiku, na hapo ndipo wengi hupotea. Sisi tuanzie asubuhi.

Hatua ya 1. Shika hili: kipindi kipya huingia saa yetu ikiwa namba witiri, yaani 1, 3, 5, 7, 9 na 11.

Hatua ya 2. Kariri majina. Kuanzia saa 1 asubuhi: Chen, Si, Wu, Wei, Shen, You. Kuanzia saa 1 usiku: Xu, Hai, Zi, Chou, Yin, Mao. Kila kimoja kina mnyama wake: Zi ni panya, Wu farasi, You jogoo.

Hatua ya 3. Jipime. Saa 8 mchana iko kati ya 7 na 9, basi ni Wei, saa ya mbuzi. Saa 6 mchana je? Ni katikati kabisa ya Wu. Hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote, maana Wu bado iko vinywani mwao: adhuhuri ni zhongwu, asubuhi ni shangwu, alasiri ni xiawu. Ukijifunza Kichina leo, umeshaanza na saa ya farasi.

Hatua ya 4. Usiku ulikuwa na zamu tano, geng, zilizotangazwa kwa ngoma. Kwa hesabu ya kawaida, ya kwanza ni Xu na ya tano ni Yin.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Kukiwa na mawingu walijuaje saa?

Marahaba. Kwa saa ya maji. Maji yalidondokea chomboni na kuinua kijiti chenye alama. Chombo cha juu kikipungua, maji hudondoka polepole, kwa hiyo walipanga vyombo kadhaa, kimoja kikijaza kingine, ili kasi isibadilike.

Nimesoma kwamba siku iligawanywa pia kwa vipande 100 vya muda, kila kimoja kikiitwa ke. Mbona 100 haigawanyiki kwa 12?

Umeona vizuri. Kila shichen ilipata ke 8 na theluthi moja, usumbufu mtupu. Ke moja ilikuwa dakika 14 na sekunde 24. Mwaka 1645, chini ya utawala wa Qing, zikafanywa 96, nane kwa kila shichen. Ndiyo maana leo yi ke, yaani ke moja, kwa Kichina ni robo saa kamili.