Mbwa wako wa kuwinda akianguka kifafa: angalia saa, achana na mdomo wake

Mara ya kwanza kuona mbwa anaanguka ilikuwa usiku, mbwa wangu mwenyewe anaitwa Waseme, dume la miaka mitatu, tulikuwa tumetoka shambani kufukuza nguruwe pori kwenye mahindi, tumerudi salama, kala ugali wake na dagaa kalala mlangoni, afu nasikia kitu kinagonga bati. Kutoka nje namkuta kalala ubavu, miguu inaenda kama anakimbia, meno yameumana, povu, kajikojolea, macho wazi lakini haoni kitu. Jirani kaja na kijiko eti tumtie mdomoni, mwingine anasema mmwagieni maji, mzee mmoja kasema huyo karogwa na wale wa ng'ambo ya mto maana mbwa wao hawaoni ndani. Na mi nikafanya ujinga wangu, nikaingiza mkono nimvute ulimi asije akaumeza. Kovu lipo mpaka leo kwenye kidole cha shahada, na sindano za kuzuia kichaa nilichoma zote.

Kwa hiyo la kwanza kabisa: mbwa hamezi ulimi wake. Usitie kijiko, usitie kijiti, usitie mkono, usimpe maji wala maziwa wala mafuta ya kula akiwa bado anatikisika, vitaingia kwenye mapafu. Mdomo wake achana nao. Kazi yako ni kuondoa vitu vya karibu, panga, mkuki, mawe, jiko lenye moto, na kama yuko kwenye mteremko au karibu na maji mvute kwa kushika nyuma, mapaja au ngozi ya mgongo, sio kichwa. Mbwa wengine wafunge au wafukuze. Hili watu hawalijui kabisa, mbwa wa kundi wakiona mwenzao anatapatapa chini wanaweza kumrukia wakamng'ata kweli kweli, hata ndugu yake wa tumbo moja.

Afu angalia saa. Simu unayo mfukoni, angalia saa na kama kuna mtu mwingine mwambie achukue video, maana ukifika kwa daktari wa mifugo ukaanza kuigiza kwa mikono hataelewa kitu lakini video ya nusu dakika inamwambia mengi. Kifafa cha kawaida kinachukua dakika moja au mbili, we utaona kama nusu saa. Kikipita dakika 5 hajatulia, au akiamka afu akaanguka tena na tena ndani ya siku hiyohiyo, hapo hakuna kusubiri asubuhi, tafuta bodaboda, gari, chochote, ubongo unachemka na mwili unapanda joto. Njiani mpepee, mlowanishe tumbo na makwapa.

Akishatulia hatakuwa yule unayemjua. Atagonga ukuta, atazunguka, atakula kama hajala wiki, wengine hawaoni kabisa kwa saa kadhaa, na anaweza kukung'ata coz hakutambui. Mweke sehemu yenye giza na kimya, watoto mbali, maji mpe akishaweza kusimama vizuri. Usimrudishe porini kesho yake.

Sasa swali ambalo daktari yeyote atakuuliza: alianguka akiwa anafanya nini? Hili ndo linatenganisha mambo. Kifafa chenyewe, kile cha kuzaliwa nacho, kinapenda kuja mbwa akiwa amelala au amepumzika, na mara nyingi kinaanza kati ya miezi 6 na miaka 6. Mbwa akianguka katikati ya mbio usikimbilie kusema kifafa, fikiria joto, sukari, au moyo.

Sukari kwanza. Mbwa mwembamba, amelala njaa, watu wengi wanaamini mbwa akishiba hawindi, kakimbizwa kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne, anaanza kulegea, anayumba kama kalewa, anatetemeka, anaanguka. Huyo kaishiwa mafuta kama pikipiki. Kama anameza vizuri mpe asali, glukosi ya dukani au maji ya sukari kidogo kidogo, kama hawezi kumeza mpake asali kwenye fizi kwa nje, kwa uangalifu na vidole vyako, na ukiona anapata nafuu ndani ya dakika chache ushajua tatizo lilikuwa nini. Kinga yake ni rahisi, mlishe kidogo kama saa nne kabla ya kutoka, na njiani mpe vipande vidogo. Usimjaze ugali tumbo likawa ngoma afu ukamkimbiza, mbwa mwenye kifua kirefu tumbo linaweza kujaa gesi na kujizungusha na hapo bila kupasuliwa anakufa.

Joto ni baya zaidi. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, na shida ipo hapohapo, mbwa mkali hasimami mwenyewe, ataendelea mpaka adondoke. Joto la mbwa la kawaida ni kama 38 hadi 39, likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Utaona ulimi umetoka mrefu na mpana, fizi nyekundu sana, mate mazito, anatapika, anayumba, afu ndo anaanguka na kutikisika. Mpoze HAPOHAPO ulipo kabla ya safari, maji ya mto, ya kidumu, mmwagie mwili mzima isipokuwa puani na mdomoni, mpepee kwa nguvu. Usimfunike na gunia bichi ukaliacha juu yake, linageuka blanketi. Ukiwa na kipimajoto, kile cha kuingiza nyuma, acha kupoza likifika 39 na nusu. Hata akisimama akatikisa mkia bado apelekwe, figo zinaweza kumgeuka siku ya pili.

Sumu. Hapa nakaa kidogo maana mbwa wa porini na wa shambani wengi wanaenda kwa njia hii. Nyama iliyotegwa kwa ajili ya fisi, dawa ya panya, viuatilifu vya mboga, dawa ya kuogeshea ng'ombe aliyoilamba kwenye ndoo. Dalili za zile dawa za wadudu: mate yanachuruzika kama bomba, machozi, anaharisha na kukojoa bila kujizuia, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, misuli inarukaruka, afu kifafa. Watu watakuambia mpe maziwa, mpe mayai mabichi, mpe mafuta. Kumnywesha kwa nguvu mbwa anayetetemeka ni kumzamisha. Kama dawa imemgusa kwenye manyoya vaa glavu au mifuko ya nailoni mikononi umuogeshe na sabuni, chukua chupa au pakiti ya hiyo dawa ukiipata, nenda nayo. Kwa aina hiyo ya sumu kuna atropini na daktari anajua kuipima, lakini dakika zinahesabika.

Na kuna sumu tunayowapa wenyewe kwa upendo. Maeneo yenye ndorobo (mbung'o) mbwa wanapata nagana kama ng'ombe: homa, kukonda, uso unavimba, na jicho linaingia ukungu wa bluu kama limemwagiwa maziwa. Mtu anaona hivyo anachukua Berenil, dawa ya nagana aliyobakiza ya ng'ombe, anampiga mbwa kwa macho. Jamani. Ile pakiti ndogo imepimwa kwa ng'ombe wa kilo 300, mbwa wetu wengi ni kilo 15, yaani sehemu moja ya 20, na mbwa hana nafasi ya makosa kwenye hiyo dawa, ukizidisha kidogo au ukarudia mapema damu inavujia kwenye ubongo, na haiji palepale, inakuja siku moja au mbili baadae, anaanza kuyumba, kukakamaa, kutikisika, na watu wanasema nagana imepanda kichwani. Ivermektini, ile dawa ya minyoo ya ng'ombe, nayo ni hivyohivyo, ukizidisha unapata mbwa anayetetemeka na asiyeona. Mpime uzito, mbebe upande kwenye mizani ya mazao afu toa uzito wako, peleka namba hiyo kwa bwana mifugo apige hesabu yeye. Na diklofenaki yako ya mgongo usimpe, wala ibuprofeni, utatoboa tumbo lake.

Halafu magonjwa mawili ya virusi. Distempa inaanza kama mafua, macho na pua vinatoa usaha, kuharisha, afu wiki chache baadae misuli ya taya inacheza kama anatafuna jojo na vifafa vinaanza. Mwaka 1994 virusi hivyo viliua kama theluthi ya simba wa Serengeti, nao walikuwa wanaanguka vifafa hivihivi, na mbwa wa vijiji vya jirani walihusishwa. Kwa hiyo chanjo ya mbwa wako sio mambo ya wazungu. Cha pili ni kichaa. Mbwa aliyebadilika tabia, sauti imekuwa ya ajabu, taya limeshuka, hamezi, mate yanamtoka, anang'ata vitu hovyo au amejificha gizani, huyo usimguse hata kama umemlea toka hajafungua macho, mfungie kama unaweza bila kumgusa na ita watu wa mifugo. Akikung'ata au mate yake yakiingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, afu hospitali siku hiyohiyo, sio kesho. Chanjo ya kichaa mbwa anachomwa kuanzia miezi mitatu na kurudia kila mwaka, na karibu na tarehe 28 Septemba sehemu nyingi wanachoma bure, ulizia kwa afisa mifugo wa kata.

Kwa Waseme ikaonekana hakuna sumu, hakuna joto, chanjo anazo, damu safi, na akaanguka tena baada ya wiki tano, saa tisa usiku, akiwa kalala. Kifafa chenyewe. Dawa ni fenobabitali, ileile ya watu, lakini kipimo cha mbwa ni kingine kwa hiyo usiombe vidonge vya jirani. Daktari kawaida anaanzisha mbwa akiwa ameanguka mara mbili au zaidi ndani ya miezi 6, au kifafa kikiwa kirefu, au vikija vingi kwa mpigo. Inatolewa kila baada ya saa 12, mi natumia saa moja asubuhi na saa moja jioni ili nisisahau, naficha kwenye kitonge cha ugali. Wiki mbili za mwanzo atalewalewa, miguu ya nyuma inapishana, atakunywa maji na kukojoa sana, na njaa haiishi, usimwongezee chakula kila anapoomba utapata pipa. Vipimo vya damu na ini vinafuata baada ya muda. Kosa kubwa ni hili: mwezi umepita hajaanguka, mtu anasema kapona, anaacha dawa. Ukikata ghafla kifafa kinarudi kwa hasira kuliko mwanzo na hicho ndo kinaua. Nunua mpya kabla za zamani hazijaisha. Na usimzalishe, hata kama ndo mbwa bora kijijini, watoto wake wanaweza kurithi.

Mengine ya porini nayapitia haraka. Pembe ya nguruwe au ngiri inaacha tundu dogo nje na handaki ndani, usidanganyike na udogo. Chemsha maji, nusu lita na kijiko cha chai cha chumvi, yakipoa osha kwa sirinji, hakuna oili chafu, hakuna maji ya betri, hakuna majivu. Utumbo ukitoka usiurudishe kwa vidole, funika na kitambaa safi kilicholoa hayo maji ya chumvi, mfunge, ondoka. Swila akimtemea machoni osha kwa maji mengi dakika 15 na zaidi. Kupe watoe kila jioni, masikioni na katikati ya vidole, mbwa mwenye fizi nyeupe, homa, damu puani au mkojo wa rangi ya kokakola huenda ana homa ya kupe na anahitaji daktari siku hiyohiyo. Matumbo ya mnyama usimpe mabichi, yanamwingizia minyoo ambayo inarudi kwa watoto wako.

(Na kwa wanaojiandaa kuniuliza, kuwinda bila kibali Tanzania ni kosa na Kenya walifunga uwindaji tangu 1977, mi naongelea mbwa wa kulinda shamba.)

Walio Morogoro wana bahati, pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, kuna hospitali ya wanyama, Nairobi kuna ya chuo kikuu pale Kabete. Sisi wa mbali tunabeba mfuko: asali kwenye kichupa, lita mbili za maji kwa kila mbwa, chumvi, sirinji kubwa, bandeji, kipimajoto, kamba, gunia la kumbebea, na namba ya bwana mifugo imeandikwa kwenye karatasi coz simu inazima chaji. Waseme haendi tena mtoni wala mlimani, analala kwenye dungu la shamba na kengele shingoni, akianguka usiku kengele inaniamsha, naangalia saa, naandika kwenye daftari. Mara ya mwisho ilikuwa dakika moja na sekunde 20.