Kutengeneza taa ya tofali la kioo nyumbani: tundu, maji na baridi ya Mbeya

Tofali la kioo ni lile linalojengewa kwenye ukuta wa ngazi au bafu ili mwanga upite. Nyumba ikiisha, mara nyingi yanabaki mawili matatu, yanarundikwa nyuma ya tangi la maji mpaka yanaota ukungu. Yaombe. Tofali moja lenye tundu, likiwekwa taa ndogondogo ndani, linatupa ukutani mwanga unaochezacheza kama jua juu ya maji.

Nayatoboa barazani kwangu, hapa Soweto, Mbeya. Wengi wanaoniuliza wanaogopa kutoboa. Kwangu mimi tundu ni kazi ya dakika kumi. Kinachoharibu taa hizi ni unyevu unaobaki ndani, hasa kwenye baridi yetu. Kwa hiyo usome mpaka kwenye kukausha kabla hujashika drili.

Vifaa

Tofali la kawaida lina sentimita 19 kwa 19, unene 8, na uzito wa kilo mbili na ushee. Liwe na uwazi ndani, na lisiwe na ufa hata mdogo kama unywele. Lipitishe juani ulikague pande zote.

Biti, yaani kile kipande cha drili kinachotoboa, iwe ile yenye umbo la bomba na chembe za almasi mdomoni, milimita 20 au 25. Biti ya zege usiijaribu kabisa, na ile ya kioo yenye ncha ya mkuki inafaa vioo vyembamba vya dirisha, siyo hapa. Drili iwe ya betri. Kazi hii inataka maji muda wote, na maji na drili ya waya havikai pamoja. Kama huna, azima kwa fundi.

Vingine: tepu ya karatasi, udongo wa mfinyanzi kiasi cha ngumi, sponji, spiriti, msasa wa maji, miwani ya kukinga macho, barakoa na taulo kuukuu. Taa ziwe za LED zilizofuatana kwenye waya mmoja, za betri au za kuchomeka kwenye chaja ya simu. Zile za zamani za globu hupata joto, na ndani ya kioo joto halina pa kwenda.

Hatua ya 1: kuweka alama

Laza tofali juu ya taulo, upande utakaokuwa mgongo ukiangalia juu. Bandika tepu kwenye kona ya chini, kisha weka alama sentimita 4 kutoka kila ukingo. Wapo wanaotoboa ubavuni. Mimi sipendi, kwa sababu ubavuni ndipo nusu mbili za tofali zilipounganishwa.

Finyanga udongo uwe kamba, uzungushe alama mpaka upate kibwawa, kisha jaza maji.

Hatua ya 2: kutoboa

Hakikisha drili haijawekwa kwenye kugonga kama nyundo, izunguke tu. Vaa miwani na barakoa.

Usianze ukiwa umeisimamisha wima, biti itateleza na kukwaruza kioo chote. Ilaze kidogo, mdomo mmoja tu uguse, na uzungushe polepole mpaka uone mchoro mweupe kama mwezi mwandamo. Hapo ndipo unaiinua taratibu, huku inazunguka, mpaka ikamilishe duara.

Baada ya hapo usikandamize. Uzito wa drili wenyewe unatosha. Kila baada ya sekunde chache inua biti, maji yaingie chini yake, kisha rudisha. Maji yatakuwa meupe kama uji mwepesi wa muhogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Yakikauka yakawa unga, simama, ongeza maji. Kioo kikipata joto sehemu moja kinapasuka, na hakitoi taarifa.

Sikiliza mlio. Mwanzoni unakwaruza kwa sauti nene. Ukikaribia kutokea, unakuwa mwembamba. Ukisikia hivyo, nyonya maji kwa sponji, bakiza kidogo tu ya kulowesha biti. Sababu ni hii: tofali lilifungwa kiwandani likiwa la moto, hewa ya ndani ilipopoa ikapungua nguvu. Siku unapolitoboa linavuta pumzi, "ssss", na kama kibwawa kimejaa, litakunywa tope lote.

Kile kipande cha duara kikidondokea ndani, geuza tofali, ukitoe.

Hatua ya 3: ukingo

Piga msasa uliolowa mpaka kidole kipite bila kukwama.

Hatua ya 4: kuosha na kukausha

Tofali la kwanza nililomaliza nilimpelekea dada yangu Uyole mwezi wa saba. Niliona limekauka, nikaingiza taa, nikaziba tundu kwa silikoni. Wiki haikuisha akanipigia: "Kaka, mbona taa yako inalia?" Matone yalikuwa yanateremka ndani ya kioo, na hapakuwa na njia ya kuyafikia. Ilibidi nikwangue silikoni yote nianze upya.

Tangu hapo nafanya hivi. Namimina maji safi yenye tone la sabuni, natikisa, namwaga, narudia mpaka yatoke safi kabisa, bila tope. Namalizia na vijiko viwili vya spiriti, nazungusha ifike kila kona, namwaga. Spiriti inashika moto, kwa hiyo kaa mbali na jiko la mkaa. Kisha naliinamisha, tundu chini, kwenye jua siku mbili au tatu. Usiliweke karibu na moto ili likauke haraka, litapasuka.

Mtihani wa mwisho ni baridi yenyewe: lilaze nje usiku mmoja, mahali pasipo na mvua. Asubuhi ukiona ukungu kwa ndani, rudia spiriti na jua. Likiwa angavu, endelea.

Hatua ya 5: kuingiza taa

Anza na ncha isiyo na boksi la betri wala plagi, sukuma kidogokidogo huku ukilizungusha tofali, taa zijipange zenyewe badala ya kurundikana chini. Taa 50 zinatosha. Boksi la betri au plagi inabaki nje.

Waya usiguse kioo kitupu. Tafuta raba ya duara wanayotumia mafundi umeme wa magari kupitishia nyaya, uipachike kwenye tundu. Silikoni situmii tena; hewa ikipita kidogo, unyevu unapata pa kutokea.

Simamisha taa juu ya kabati au meza imara, watoto wasipofika, mgongo ukiwa kiganja kimoja kutoka ukutani. Usiitundike. Betri zikiisha unabadilisha nje bila kugusa kioo, na vumbi linafutwa kwa kitambaa kikavu.