Somo: Kuona ndani zaidi kwa hadubini ya fotoakustika

Hadubini hii hupiga tishu kwa mapigo ya leza; damu ikinywa mwanga hutoa sauti, na sauti hiyo ndiyo inayogeuzwa picha. Picha ikififia chini ya ngozi, wengi hukimbilia kuongeza nguvu ya leza. Hiyo iwe ya mwisho.

1. Amua unataka kuona nini. Hadubini inayokusanya mwanga kwenye nukta moja huonyesha hata kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu), ila ikikaribia milimita 1 mwanga umeshatawanyika na nukta haipo tena. Ukitaka milimita 2 au 3, mwaga mwanga eneo pana, kulenga kiachie kihisi cha sauti; tishu haitawanyi sauti kama inavyotawanya mwanga. Bei yake: kwa kihisi cha megahezi 50 (kipimo cha kasi ya mtetemo wa sauti) utatofautisha vitu vya mikromita 45 hivi. Kapilari moja moja sahau.

2. Badili rangi ya leza. Kijani cha nanomita 532 (urefu wa wimbi la mwanga) hunywewa sana na damu, hivyo mishipa ya juu humaliza mwanga na ya chini hubaki gizani. Nanomita 1064 hupenya vizuri. Damu huinywa kidogo, kweli, lakini kikomo cha usalama wa ngozi kwa mapigo ya nanosekunde ni milijuli 100 kwa sentimita mraba, dhidi ya 20 kwa kijani. Umepewa nafasi mara tano bila kuvunja sheria.

3. Shusha megahezi za kihisi. Kila milimita, sauti ya megahezi 50 hupoteza takriban desibeli 2.5, ya 20, kama 1.

4. Nyoa manyoya ya panya wa majaribio, paka jeli isiyo na mapovu. Povu moja tu hurudisha karibu sauti yote. Mimi huiweka jeli kwenye sirinji na kuizungusha kwanza kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, ili mapovu yatoke.

5. Wastani wa mapigo 16 huongeza ubora wa ishara mara 4, ila panya anapumua, na picha itavurugika.

MASWALI

*Mkuu, gliserini inasaidia?*
Ndiyo, hupunguza mtawanyiko. Hukausha tishu pia, kwa hiyo osha kwa maji ya chumvi ukimaliza.

*Nikidunga rangi ya indosianini na leza ya 1064 je?*
Utapoteza rangi bure. Inanywa mwanga karibu na 800. Tafuta leza ya huko.

*Na ngozi nyeusi kama zetu?*
Melanini, rangi ya asili ya ngozi, hunywa mwanga juu kabisa, sana kwenye kijani, kidogo kwenye 1064. Vikomo nilivyotaja havitofautishi rangi ya ngozi, kwa hiyo anza chini sana ya hapo, upande taratibu.