Ndege ikidunda wakati wa kutua: hatua za kufuata kwa mwanafunzi wa urubani

Wanafunzi wangu huwa nawaambia hivi, mdundo wa kwanza mara nyingi hauvunji kitu, kinachovunja ndege ni kile mkono wako unachofanya sekunde inayofuata. Ila tuanzie nyuma kidogo, maana mdundo unaanza kutengenezwa bado uko hewani.

Hatua ya 1, kasi. Ukishanyooka na ranwei (njia ya kutulia ndege) shika kasi ya kwenye kitabu cha ndege yako, Cessna 172 ikiwa imeshusha flapu zote (vipande vya nyuma ya bawa vinavyosaidia kuruka polepole) ni kama noti 60 hadi 70 (noti ni maili ya baharini kwa saa), usijiongezee zingine eti za usalama. Kasi ikizidi kwa asilimia 10 tu umbali wa kusimama unaongezeka karibu asilimia 20, na kabla ya hapo ndege inaelea, haitaki kushuka, we unaanza kuilazimisha. Shida inazaliwa hapo.

Hatua ya 2, macho. Ukikaribia chini yapeleke mwisho wa ranwei. Ukikodolea karibu na pua utaona lami inakuja mbio, utavuta usukani mapema na ndege itapanda tena huku kasi inaisha.

Hatua ya 3, punguza throto (kishikio cha nguvu ya injini) taratibu, vuta usukani kidogo kidogo, izuie isiguse mpaka ichoke yenyewe na ikalie magurudumu makuu mawili. La mbele liguse mwisho, halikutengenezwa kubeba kishindo cha kutua.

Hatua ya 4, imedunda. Hii isome mara mbili tafadhali. Pua imeinuka, mwili wako wote unataka kusukuma usukani mbele. Usisukume! Ukisukuma unatua na gurudumu la mbele, ndege inarushwa juu kuliko mwanzo, unasukuma tena, na kwa kuwa mkono wako unachelewa kuliko ndege kila mdundo unazidi uliopita, mara mguu wa mbele umekunjika na propela imekula lami, na propela ikishagonga hivyo injini lazima ifunguliwe ikaguliwe hata kama bado inaunguruma vizuri. Mdundo ukiwa mdogo tulia, shikilia pua kwenye mkao wa kutua, ongeza nguvu ya injini kidogo, itakaa. Ukiwa mkubwa, au una shaka tu, paa tena.

Hatua ya 5, kupaa tena. Throto yote mbele, hita ya kabureta (inayozuia barafu kwenye injini) izime kama uliiwasha, na kwenye nyingi ya ndege hizi ukanyage pedali ya kulia kwa sababu pua itavutwa kushoto. Trimu (kirekebishi kinachopunguza uzito wa usukani) bado iko ya kutua kwa hiyo pua itataka kupanda sana yenyewe, hapa sasa ndo unaizuia kwa kusukuma. Flapu rudisha kwa awamu (172 anzia digrii 20), ukizifunga zote kwa pamoja ndege inazama. Mnara wa kuongozea ndege utaongea nao baadaye.

Upepo wa ubavuni nao: aileroni (vipande vya ncha za mabawa, unavigeuza kwa usukani) upande upepo unakotoka, pedali ya upande wa pili kunyoosha pua, na ukishagusa chini usilegeze, aileroni izidishe kadiri kasi inavyopungua. Wengi wanaachia mikono hapo, ndege inaishia majanini.

Kabla hujaruka peke yako mara ya kwanza muombe mwalimu mfanye kupaa tena kutoka urefu tofauti tofauti, na moja yeye aidundishe makusudi we uichukue. Akisema mtafanya siku nyingine, muombe tena siku hiyo nyingine.