Madoa meusi usoni: acha kwanza, kinga, ndipo upake dawa

Mgonjwa mwenye madoa usoni huwa na swali lake tayari kabla hajakaa vizuri kwenye kiti: "Daktari, nipake nini?" Na mimi huwa na langu: "Kwa sasa unapaka nini?" Mkoba ukifunguliwa hapo mezani hutoka kopo lisilo na lebo, kitubu cha dawa ya fangasi kilichokamuliwa hadi mwisho, sabuni ya kung'arisha na kipande cha limao kwenye karatasi. Mara nyingi chanzo cha tatizo kiko hapo hapo mezani.

Hatua hizi ndizo ninazofuata kazini hapa Mwanza, na mpangilio wake una sababu. Unaacha kinachochochea weusi, unajikinga, ngozi inatulia, ndipo dawa inaingia. Wengi huanzia mwisho. Na tuelewane mapema: shabaha ni kurudi kwenye rangi yako ya kuzaliwa. Anayetafuta weupe, hapa sina hatua yake hata moja.

Hatua ya 1: Lijue doa lako

Nawa uso, usipake kitu, kaa karibu na dirisha asubuhi ukiwa na kioo. Kamera ya simu inayolainisha ngozi iache, itakudanganya.

Weusi uliokaa pande zote mbili, yaani mashavu yote, paji la uso, juu ya mdomo, wenye kingo zisizonyooka, kwa kawaida ni melasma. Huja na ujauzito, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni (homoni ya kike), na jua, na katika baadhi ya familia mama akiwa nayo binti naye huipata. Madoa yaliyotawanyika pale palipokuwa na chunusi, upele au mahali ulipoungua ni jambo jingine. Ngozi ilichokozwa, seli zinazotengeneza melanini zikamwaga rangi kupita kiasi, na ngozi nyeusi hufanya hivyo upesi zaidi kuliko nyeupe. Kwa wanaume hukaa kidevuni na shingoni kwa sababu ya vipele vya ndevu. Kaka, mwambie kinyozi asikwangue hadi ngozini, abakize ndevu kidogo. Bila hilo krimu zote ni kazi bure.

Tazama na rangi yenyewe. Doa la kahawia liko juu, hufifia kwa miezi. Doa la kijivu au lenye ubluu limezama chini, linaweza kuchukua miaka, na mengine hayaishi kabisa. Ni bora ulijue hilo kabla hujatumia fedha.

Kuna hali ambazo hatua zinazofuata hazizihusu. Doa la duara linalowasha na kukolea mahali pale pale kila unapomeza dawa fulani, hasa za salfa kama Septrin au SP ya malaria: mwonyeshe mhudumu wa afya kabla hujameza tena dawa hiyo. Weusi mnene kama mahameli shingoni na kwapani: kapime sukari. Mabaka yenye magamba yanayoacha kovu, hasa kama yapo na masikioni au nywele zinanyonyoka: hospitali, tena mapema. Na vile vinyama vidogo vyeusi vya mashavuni ambavyo watu wengi wa umri mkubwa wanavyo si madoa, wala havina madhara. Hakuna krimu inayoviondoa.

Hatua ya 2: Acha mkorogo

Hii ndiyo hatua ngumu, na ndiyo inayoamua.

Ndani ya mkorogo kwa kawaida kuna kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu. Cha kwanza ni zebaki. Watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa zebaki ni nini, maana wachimbaji wadogo huitumia kunasia dhahabu. Zebaki ya kwenye krimu hupita kwenye ngozi ikaenda kwenye figo na mishipa ya fahamu, na hubaki kwenye taulo na mashuka, hivyo mtoto unayelala naye naye anaipata. Kuna dalili moja inayojifichua yenyewe: krimu inayokuonya uvue pete ya dhahabu au fedha kabla ya kuipaka, irudishe kwa muuzaji. Zebaki hula dhahabu, ndiyo maana wanakuonya.

Cha pili ni steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, kama klobetasoli na betamethasoni. Hizi huuzwa kihalali kama dawa, na mara nyingi zimechanganywa na dawa ya fangasi, ndiyo maana kile kitubu huwa hakikosi mkobani. Soma maandishi madogo ya ubavuni: jina lenye mwisho wa "sone" au "sol" lisikae usoni bila daktari kukuandikia. Siku za mwanzo uso hung'aa kweli. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, vishipa vinaonekana, vipele vinatoka, na jua linaanza kuuma.

Cha tatu ni haidrokwinoni, kemikali inayopunguza utengenezaji wa rangi ya ngozi. Ikipakwa kwa muda mrefu bila usimamizi hugeuka na kuleta weusi wa bluu wenye vipunje vidogo vigumu kwenye mifupa ya mashavu. Mtu akiona weusi unaongezeka, anaongeza krimu. Krimu ikiongezwa, weusi unaongezeka. Hali hiyo ikishafika, kuirudisha ni kazi kubwa mno hata kwa daktari bingwa.

Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Kopo lisiloonyesha viambato wala mtengenezaji halina cha kujadiliwa. Na usilimwage ziwani wala kwenye mtaro unaoelekea ziwani. Lifunge vizuri, lipeleke ofisi ya TBS au kwa afisa afya, uulize litupwe wapi.

Ukiwa umepaka steroidi kwa miezi, usikatize ghafla peke yako. Uso hulipuka: unawaka, unawasha, vipele vinafumuka, weusi unarudi kwa kasi. Hapo ndipo wengi hulirudia kopo wakidhani ngozi "imelikosa". Tabibu wa ngozi atakushusha taratibu. Kipindi hicho kibaya kinaweza kuchukua wiki kadhaa, na kinapita.

Hatua ya 3: Zuia jua, na moto pia

Mwanza ipo kama nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maana yake sisi hatuna msimu wa jua dogo. Hata masika mawingu hayazuii mionzi yote. Kali zaidi ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni.

Nasikia sana kwamba "maji ya ziwa ndiyo yanachoma". Ukweli ni kwamba maji hurudisha sehemu ndogo tu ya mionzi, mchanga wa ufukweni hurudisha zaidi. Shida ya ziwani ni kwamba hakuna kivuli. Ukiwa kwenye mtumbwi au umesimama sitaha ya kivuko cha Kamanga, anga yote imekufungukia. Na kwenye daladala, kukaa dirishani hakukukingi: kioo huzuia mionzi ya jua inayounguza (UVB) lakini hupitisha ile inayozama ndani zaidi (UVA), na hiyo ndiyo inayokoleza madoa.

Anza na vya bure. Kofia yenye ukingo mpana, mwavuli, khanga iliyoteremshwa hadi kwenye paji la uso. Kofia ya kapelo inaacha mashavu nje.

Kisha sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, yenye SPF (kipimo cha kinga yake) ya 30 au zaidi, iliyoandikwa kwamba inakinga UVA na UVB. Kipimo: chora mistari miwili, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya kidole cha kati, kuanzia shina hadi ncha. Hiyo ndiyo ya uso na shingo. Utaona ni nyingi, na ndivyo inavyotakiwa. Ukipaka tone, ile SPF 30 ya kwenye boksi huipati. Paka robo saa kabla ya kutoka, na ukiwa juani rudia kila baada ya saa mbili, au mara baada ya kutoka jasho jingi. Mafuta ya nazi na mafuta ya mgando havikingi jua.

Wenye melasma wachague sanskrini yenye rangi. Mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho nao hukoleza melasma kwenye ngozi nyeusi, na sanskrini nyingi nyeupe haziuzuii. Oksidi ya chuma, ile inayoipa krimu rangi ya kahawia, ndiyo inayouzuia. Faida nyingine ni kwamba hutatoka umepauka kama uliyepakwa unga. Ukiikosa, paka sanskrini ya kawaida kisha fondesheni ya rangi yako juu yake, maana nyingi zina oksidi hiyo.

Sanskrini ya KiliSun inayotengenezwa Moshi ilibuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao kwao ni kinga ya saratani. Ukiikuta inauzwa uchochoroni, usiinunue. Kuna mtu imempungukia.

Sasa moto. Mama anayekaanga samaki Mwaloni, Kirumba, uso wake unapata joto la karai kutwa nzima, na joto nalo huchochea melasma. Siwezi kumwambia aache kazi. Namwambia asogeze karai lisiwe chini ya uso, akae upande ambao upepo hauleti mvuke, apokezane na mwenzake, na akipata nafasi ajipoze kwa kitambaa chenye maji baridi.

Hatua ya 4: Tuliza ngozi

Sabuni laini mara mbili kwa siku, mafuta mepesi, basi. Dodoki, jiwe, magadi, dawa ya meno, vyote viondoke usoni: kusugua kwenyewe huleta weusi. Limao ni baya zaidi, kwa kuwa maji yake yakikutana na jua yanaweza kuunguza na kuacha doa jipya. Usitumbue chunusi.

Hatua ya 5: Dawa, moja moja

Ijaribu kwanza chini ya taya kwa usiku tatu mfululizo. Isipokuletea shida, peleka usoni.

Ninayopenda kuanza nayo ni asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20. Inashughulikia chunusi na weusi kwa pamoja, na hata mjamzito anaweza kuitumia. Wiki mbili za mwanzo paka usiku tu. Itachomachoma kidogo, si kuunguza. Ukiizoea, asubuhi na usiku. Niasinamidi ya asilimia 4 au 5 ni ya upole zaidi na ya polepole zaidi. Mwenye chunusi nyingi anafaa kwa adapalini ya asilimia 0.1: kiasi cha punje ya kunde kwa uso mzima, usiku, mara tatu kwa wiki. Mjamzito au anayetafuta ujauzito asiiguse.

Haidrokwinoni ya asilimia 2 hadi 4 inabaki kuwa dawa halali mkononi mwa daktari, kwa miezi michache yenye tarehe ya kuacha. Vidonge vya asidi ya traneksamiki vinasaidia baadhi ya wenye melasma, lakini vinahusiana na damu kuganda, kwa hiyo usijinunulie dukani. Kuchubua kwa asidi saluni na leza za bei ya promosheni, kwa ngozi zetu, mara nyingi huzaa doa kubwa kuliko la mwanzo.

Ukishuku vidonge vya uzazi wa mpango, usivitupe. Rudi kliniki mzungumze njia nyingine. Kitanzi cha shaba hakina homoni.

Hatua ya 6: Kuishi na watu huku ukisubiri

Mabadiliko huanza kuonekana baada ya wiki 8 hadi 12. Piga picha mara moja kwa mwezi, dirisha lile lile, saa ile ile. Melasma hurudi, hata iliyotibiwa vizuri, kwa hiyo sanskrini haina siku ya kustaafu. Iliyokuja na ujauzito mara nyingi hupungua yenyewe baada ya kujifungua.

"Sendoff yangu ni mwezi ujao, daktari." Dada, mwezi hautoshi, na anayekuahidi siku saba anakuuzia mkorogo. Usianze dawa mpya wiki mbili za mwisho. Mpambaji aweke kwanza kificha-doa chenye rangi ya chungwa juu ya weusi, kisha fondesheni ya rangi yako halisi.

Shangazi akiuliza mbele za watu kama umebabuka, jibu fupi linatosha: "Natibiwa, shangazi." Huna deni la maelezo zaidi.

Hatua ya 7: Ukienda hospitali

Miezi mitatu ikipita bila nafuu, au doa likibadilika umbo, likivimba au kutoa damu, muone daktari wa ngozi. Bugando ni hospitali ya rufaa, hivyo anzia kituo cha karibu upate barua. Nenda bila poda. Beba kila unachopaka na kila dawa unayomeza, pamoja na lile kopo ulilolificha uvunguni.