Umeokota jino la fosili lenye vinundu? Angalia hivi kabla hujasema ni la mamalia

Ukiokota jino dogo la fosili lina vinundu juu kama gego, naomba sana usikimbilie kusema ni la mamalia, maana hata wataalam lishawapoteza. 1988 huko Maranhão, Brazil, wanasayansi Carvalho na Campos waliandika kuhusu kiumbe wakamwita Candidodon, wakasema ni mamalia wa kale, kisa meno. Mwaka uliofuata akatangazwa mamba wa Malawi mwenye meno ya namna hiyohiyo, na 1994 Carvalho mwenyewe akaandika kwamba Candidodon ni mamba. Mamba mdogo mwenye magego! Mi namheshimu sana kwa hilo.

Sa unaanzaje. Nenda kwa muuza supu umwombe taya la chini la mbuzi, ulisafishe, ung'oe gego la nyuma uligeuze. Utaona mizizi miwili imeachana kama miguu ya suruali. Jino la mamba lina mzizi mmoja tu, hata juu kukiwa na vinundu vingapi. Shida ni kwamba fosili nyingi mzizi ushavunjika, umebaki na kichwa cha jino tu, hapo andika "bado sijajua" alafu endelea kutafuta.

Tafuta taya. Hilo la mbuzi kila upande ni mfupa mmoja mzima, ila la mamba limeungwa na mifupa kadhaa na mistari ya maungio inaonekana. Alafu chekecha mchanga wa palepale, ukipata vibamba vya mfupa vyenye vishimovishimo, hivyo huenda ni vya ngozi ya mamba. Ukivikosa usihitimishe bado, na hapa ndo namleta Pakasuchus, mamba wa kale wa kwetu Tanzania.

Huyu alichimbwa bonde la Rukwa, akatangazwa 2010, jina lake limetoka kwenye neno letu paka na la pili, kapilimai, ni kumuenzi marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliishi kama miaka milioni 105 iliyopita, mwili saizi ya paka wa nyumbani, miguu mirefu myembamba, fuvu linakaa kiganjani, na vile vibamba mwilini vilipungua sana vikabaki vingi mkiani. Mdomo ulikuwa umefumba kabisa kwa hiyo ikabidi wampige siti skani, yaani picha za mionzi zinazoonyesha ndani, ndo wakaona meno vizuri: mbele kama chonge, nyuma magego yanayokutana na kukata. Hebu fikiria wangepata gego moja tu bila fuvu!

Kwa hiyo ukiona kitu kwenye mwamba usikichokonoe na kisu, usikiloweke kwenye siki. Weka sarafu pembeni upige picha, ya karibu na ya mbali, chukua lokesheni kwenye simu, alafu peleka taarifa kwa watu wa mambo ya kale au makumbusho, mabaki haya yanalindwa kisheria.